Chungu cha chuma cha miguu mitatu: nimekipikia mkate wa sinia, pilau na mkate wa soda

Ukiwa mtu wa kupalia makaa, yaani mkate wako wa sinia, mkate wa mayai na pilau yako bado waviivisha kwa moto wa chini na wa juu, chombo hiki ni chako. Ukiwa wapikia gesi peke yake, au mlo wako wa kila siku ni mchuzi wa papa wa ukwaju, zihifadhi pesa zako. Nalisema hili mwanzo kwa sababu chungu chenyewe ni kizito, bei yake si ndogo, na kina matunzo yake. Sipendi mtu abebe kilo 9 za chuma kutoka Kongowea hadi Kibokoni kisha kikae stoo kikila kutu.

Mimi napika kwa oda hapa Mji wa Kale: mikate ya sinia mwezi wa Ramadhani, pilau za shughuli ndogo ndogo, vibibi na visheti kwa wanaokuja kuchukua mlangoni. Sikukinunua cha kupamba. Nilikuwa natafuta chombo cha kushika nafasi ya sufuria ya alumini na bati lake, maana kila mpishi wa Mombasa anaijua kero ya bati. Makaa yateleza, jivu lamwagika ukiinua kutazama, na mkate ulioungoja tangu alfajiri waingia vumbi jeusi katikati, pale pale mteja anapoanzia kukata.

Nilikipata kwenye vibanda vya vyombo vya mtumba sokoni Kongowea. Muuzaji alianzia shilingi 6,000, tukaelewana kwa 4,500. Hakina jina la kiwanda popote. Ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, kipenyo inchi 12, kina inchi 4 kasoro, chachukua kama lita 6. Chini kina miguu mitatu mifupi, kama urefu wa kidole cha shahada. Kina mkono wa waya mnene wa kukining'inizia. Na kifuniko ndicho roho yake: ni bapa, kizito, na kimezungushiwa ukingo uliosimama pande zote, hivyo makaa yakiwekwa juu hayana pa kwenda. Katikati ya kifuniko kuna kishikio cha kupitishia kulabu, ukakiinua sawasawa bila kumwaga hata chembe ya jivu. Ukipapasa tumbo lake kwa nje wasikia chengachenga. Hiyo ni alama ya kalibu ya mchanga. Vyungu vya namna hii vilianza kusubiwa kwa wingi baada ya Mwingereza Abraham Darby kupata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1707 ya kusubu vyombo vya chuma ndani ya mchanga, na mpaka leo kazi haijabadilika sana.

Umbo lenyewe ni la watu wa njiani, na ukijua njia hiyo utakielewa chungu. Kuanzia miaka ya 1840 hadi reli ya kuvuka bara la Marekani ilipokamilika Mei 1869, watu laki tatu na zaidi walitoka upande wa Missouri na magari ya maksai kuelekea Oregon, California na Utah. Njia ya Oregon ilikuwa kama kilomita 3,200, safari ya miezi minne mpaka sita. Ilibidi waondoke majira ya Aprili au Mei, majani yakishaota ili maksai wapate malisho, na wafike kabla theluji haijafunga milima. Siku njema walikwenda kilomita 24 hivi, yaani kutoka kisiwani hapa hadi Mazeras na kupita kidogo. Wengi wao walitembea kwa miguu, wake kwa waume na watoto, kwa kuwa gari lilijaa chakula. Na nchi waliyoipita ilikuwa na wenyewe: Wapawnee, Walakota, Washoshoni na wengine. Kwa Washoshoni wahamiaji walinunua samaki aina ya samoni, na viatu vya ngozi laini walivinunua kwa wenyeji pale viatu vyao walivyotoka navyo nyumbani vilipokwisha soli. Naliweka hili wazi kwa kuwa mara nyingi habari za magari yale husimuliwa kana kwamba bara lile lilikuwa tupu likingoja watu.

Sasa tazama chakula chao. Mwongozo mmoja wa mwaka 1845 ulimshauri kila mtu mzima achukue unga ratili 200, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa ratili 150, sukari ratili 20, kahawa ratili 10 na chumvi ratili 10. Ratili 200 za unga ni karibu kilo 90. Ukiitoa ile nyama, ambayo si ya meza yetu, kilichobaki ni mkate na kahawa, asubuhi na jioni, kwa miezi mitano. Mchana walikula kiporo cha asubuhi, kwa sababu hakukuwa na wasaa wa kuwasha moto na kuuzima. Mimi nikiusoma mgao huo sifikirii magari wala maksai. Namfikiria yule mama ambaye jioni, miguu imemvimba kwa kutembea, anainama chini kwenye upepo na kukanda unga wa familia nzima, na kesho yake yuleyule, mahali pengine, unga uleule.

Ndipo chungu hiki kilipofaa. Jiko halikuwepo. Wako waliofunga safari na majiko ya chuma, lakini maksai walipoanza kuchoka majiko yalitupwa kando ya njia pamoja na meza na masanduku. Chungu cha miguu mitatu chenyewe ni jiko na ni tanuri: unakisimamisha juu ya makaa ardhini, hewa yapita chini kwa sababu ya miguu, makaa mengine wayaweka juu ya kifuniko. Kwenye nyanda za mto Platte, ambao njia ile iliufuata, miti ni michache, kwa hiyo kuni zao zilikuwa mavi makavu ya nyati wa kule, yaliyookotwa na wanawake na watoto kwa magunia na kwa kukunja aproni zao. Yakishakauka sawasawa huwaka vizuri bila harufu kali, ila huisha upesi, na upepo wa nyanda ni mkali, hivyo walichimba mfereji mwembamba na kuuwasha moto humo. Anayepikia vifuu ataielewa shida hiyo mara moja: moto mkali, mzuri, lakini ukigeuka tu umekwisha.

Mimi nimekipikia uani, juu ya sinia kuukuu iliyojazwa mchanga mkavu, kwa makaa ya kawaida ya gunia na mara nyingine makaa ya kubonyeza yanayotengenezwa kwa vifuu. Haya ya vifuu ndiyo ninayoyapendekeza. Yana ukubwa mmoja, hayarushi cheche, na yashika moto kwa kipimo kimoja hadi mwisho. Kanuni niliyoifuata ni ile inayojulikana kwa vyungu hivi: ukioka, makaa ya juu yawe mara mbili ya yale ya chini, ukichemsha, yote yende chini. Kwa chungu cha inchi 12 vipande 16 juu na 8 chini vyatosha kwa mkate. Kwa mkono wangu uliozoea alumini, vinane chini vilionekana vichache mno, lakini chuma cha kusubu huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Kikishashika, kimeshika, na hakihitaji kuchochewa wala kupepewa.

Nilianza na mkate wao, niupike kama ulivyopikwa njiani. Wao hawakuwa na hamira ya paketi. Wako waliobeba kinyunya cha unga uliochacha, na wengi walitumia soda iliyouzwa madukani siku zile kwa kuumulia mikate. Wakifika karibu na ule mwamba mkubwa wa Wyoming unaoitwa Independence Rock, waliokota soda ya asili iliyoganda pembezoni mwa viziwa vya magadi, jamii moja na magadi ya Ziwa Magadi letu, wakaitumia papo hapo. Soda peke yake haifanyi kitu. Yataka kitu kichachu kiiamshe itoe hewa. Waliokuwa na ng'ombe wa maziwa walitumia maziwa yaliyoganda. Walikuwa pia wakining'iniza ndoo ya maziwa garini asubuhi, na mitikisiko ya njia ikawafanyia siagi mpaka jioni.

Basi nilichukua vikombe 4 vya unga wa ngano, kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kimoja na nusu cha soda, na vikombe 2 kasoro vya maziwa ya mala. Nilichanganya kwa mkono, sikukanda sana, kwa sababu soda haingoji: hewa yaanza kutoka palepale mala inapougusa unga, na ukichelewa mkate walala. Chungu kilikuwa tayari kina moto na mafuta kidogo. Baada ya dakika 40 hivi nilifunua. Ganda lilikuwa gumu, la rangi ya dhahabu iliyokolea, sawa pande zote, na ndani mweupe, mzito kidogo, ulioiva mpaka katikati. Sitaki kuusifu kupita kiasi: huu si mkate wa kulia mkavu kesho yake. Lakini ungali na joto, ukaukata na kuuchovya kwenye mbaazi za nazi, ni chakula cha heshima kabisa, na wapikika bila kungoja hamira. Nyumbani kwangu sasa ni mkate wa siku ambayo wageni wamebisha hodi na hakuna kitu.

Mtihani wenyewe, kwangu, ulikuwa mkate wa sinia. Mchele wa kuroweka usiku, kusaga na tui zito mpaka mkono usisikie chenga, hamira, sukari, iliki ya kutwanga siku ileile, ukaumuka mpaka ukafanya mapovu. Hapa chungu kilinifundisha adabu yake. Kwenye sufuria ya alumini tunamimina, tunaacha moto wa chini ufanye kazi mpaka vitundu vitokee juu, kisha ndio tunapalia. Ukifanya hivyo kwenye chuma, chini hushika rangi kabla ya juu kuanza, kwa kuwa lile joto lililoingia kwenye chuma haliondoki hata ukitoa makaa. Dawa ni kukipasha chungu vizuri kwanza, kumimina, kufunika na kupalia juu mara moja. Vitundu vikianza tu, toa makaa ya chini yote na uache ya juu na lile joto la chuma vimalize. Tangu niufuate utaratibu huo mkate hutoka umechanuka, juu una rangi ya hudhurungi iliyoenea kutoka ukingo hadi ukingo, bila yale mabaka meusi na meupe ya bati. Na hakuna jivu. Mamangu, ambaye ameoka mikate hii tangu kabla sijazaliwa na si mwepesi wa kusifu chombo kipya, aliukata, akautazama vitundu vyake, akasema, "Mwanangu, huu umeiva kati na kati." Kwake hiyo ni sifa kamili.

Mkate wa mayai nao ulikuja vizuri, tena huu ni rahisi zaidi, maana hauhitaji moto mkali wa chini hata kidogo. Makaa manne chini, kumi na mawili juu, basi.

Pilau ilinipendeza kwa sababu nyingine. Kifuniko ni kizito kiasi kwamba mvuke hautoki ovyo, hivyo ukishakausha maji na kupalia, mchele wamalizikia kwa mvuke wake wenyewe na kila punje yasimama peke yake. Ukoko wake ni mwembamba, mkavu, watoka mzima mzima, watoto waliugombea. Ila mchele kilo moja na nyama yake ndio mwisho wa uwezo wa chungu hiki. Kwa maulidi au harusi hakina nafasi. Sufuria kubwa na kuni zake ni palepale.

Pasipofaa ni kwenye uchachu. Nilipika makusudi mchuzi wa changu wa ukwaju ili niwaambie kwa uhakika. Mchuzi ulitoka mweusi wa kijivu na una ladha ya msumari, na mafuta yaliyokuwa yameganda ndani ya chungu yakabanduka. Ndimu na nyanya nyingi ni hivyohivyo. Ukitaka kupika samaki wa kupaka, chungu chako cha udongo hakijapata mpinzani. Maharage ya nazi, kunde, nyama ya kukaanga, kuku wa kukausha, hivyo havina neno. Na chakula chochote kinachopikwa kwenye chuma huchukua kiasi cha madini ya chuma, jambo ambalo kwa nyumba zenye wajawazito na watoto si la kudharau.

Kifuniko kikigeuzwa, upande wa ndani juu, ni kikaango. Nimekikaangia kahawa. Wahamiaji wale walinunua kahawa mbichi, kwa kuwa kahawa iliyokaangwa tayari haikuwa bidhaa ya kawaida kabla ya miaka ya 1860 kwisha, wakaikaanga wenyewe motoni na kuisaga kwa kisagio au kuitwanga. Hilo halitushangazi sisi tuliozoea kahawa chungu. Nilichukua buni Marikiti, nikaikaanga kwenye kifuniko kile mpaka ikang'aa mafuta, nikaitwanga kwenye kinu na tangawizi kavu. Chuma chakaanga buni kwa usawa kuliko kikaango chepesi, kwani hakuna mahali panapoungua mbele ya pengine. Kasoro ni kwamba kishikio cha katikati chakifanya kiyumbe. Kiweke juu ya mafiga matatu madogo. Chapati pia zapikika juu yake, ingawa ukingo hukusumbua mkono unapogeuza.

Jambo la nguo silipiti, maana anayepika chini ardhini ananing'iniza nguo zake juu ya makaa, na chungu hiki ni cha kupikia chini. Wanawake wa magari yale walivaa magauni marefu ya pamba, au ya sufu iliyofumwa pamoja na kitani au pamba, aproni juu yake, na kofia za kitambaa zenye ukingo mrefu uliokazwa kwa vibao vyembamba ili jua lisiwafikie usoni wala upepo usiukunje ukingo. Wengine walishonea vipande vya risasi kwenye pindo la sketi ili upepo wa nyanda usizipeperushe. Mapindo hayo yaliburuzwa kwenye vumbi na matope, yakachanika, yakaungua kwenye mioto ya kupikia, na wako walioyakata wakafupisha gauni ingawa watu walisema. Sufu ndiyo iliyowafaa karibu na moto, kwa kuwa huwaka kwa shida na aghalabu hujizima. Pamba huwaka, lakini haiyeyuki ikakunata mwilini. Kitambaa cha plastiki huyeyuka. Kwa hiyo dada zangu, hizi dera laini za tetroni tunazozipenda, zivulieni chumbani kabla hamjashika koleo. Jifungeni leso ya pamba, kisutu cha zamani kilichofuliwa kikalainika, na mikono mikunje juu ya kiwiko.

Mimi nimekwenda mbali zaidi nikanunua merikani mita tatu Mtaa wa Biashara, ile nzito isiyopaushwa, nikamwambia fundi anishonee aproni pana inayofika chini ya magoti na mfuko wa kuhifadhia mkate. Kitambaa hiki chahusika na habari yenyewe kuliko inavyoonekana. Marekani na Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kwa miaka mingi baada ya hapo merikebu za Salem, Massachusetts zilileta Unguja na pwani yetu majora ya pamba hii, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti. Bibi zetu waliivaa merikani na kaniki kabla leso haijashika mji. Miaka hiyohiyo, viwanda vya upande uleule wa Massachusetts viliwauzia Wamarekani wenyewe pamba ya namna hii kwa mashati, shuka na nguo za kazi, na magari ya kwenda Oregon yalifunikwa kwa kitambaa kizito cha pamba kilichopakwa mafuta ya kitani ili mvua isipenye. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, jora liliadimika huku pia, na nguo za India na Uingereza zikachukua nafasi. Aproni yangu imefuliwa ikawa laini na bado ni ngumu kwenye mshono. Cheche ikidondoka yaacha alama ndogo ya kahawia na kuzimika. Mfuko nao waacha mkate upumue, haufanyi unyevu kama mfuko wa nailoni. Kwa bei ya mita ile, hakuna kitambaa cha jikoni kilichonifaa kuliko hiki.

Matunzo sasa, na hapa hewa yetu ya bahari ni adui. Chungu kilikuja na kutu. Nilikisugua kwa makumbi na mchanga laini, nikakiosha, nikakikausha juu ya moto mpaka kikawa cha kuchoma, kisha nikakipaka mafuta membamba sana ndani na nje, nikafuta kama vile sitaki mafuta yabaki, na kukifunika juu ya makaa kwa saa nzima. Rudia mpaka kiwe cheusi na kinang'aa. Mafuta gani? Wengi watachukua mafuta ya nazi kwa mazoea, nami nawaomba msifanye hivyo. Mafuta ya nazi hayagandi na kuwa ngozi ngumu kwenye chuma. Yabaki laini, na yakikaa hunuka. Tumia mafuta ya alizeti, ambayo yakipata moto hukauka na kushikamana na chuma. Baada ya kila upishi osha kwa maji moto, usikiache kwenye karai la vyombo hata nusu saa, kaushia motoni, paka tone la mafuta, na weka karatasi kati ya kifuniko na chungu ili hewa ipite. Msimu wa masika nakitazama hata nisipokipikia. Aliye na msichana wa kazi anayeloweka vyombo vyote usiku kucha amweleze mapema kwa upole.

Mengine ya kukasirisha yapo. Miguu haikai juu ya jiko la udongo la kawaida. Yateleza kwenye zile nundu tatu za kuwekea sufuria, na kwenye gesi haikai kabisa. Kwa hiyo wahitaji nafasi ya chini, uani au juu ya paa la sakafu, na sinia la mchanga, na anayekaa fleti ya Nyali isiyo na baraza hataipata faida yake. Uzito wake nao si wa mzaha: kikiwa na pilau ndani mamangu hawezi kukiinua, na mimi nakiinua kwa mikono miwili na dua. Kulabu ya kifuniko haikuja nacho. Fundi wa jua kali alinikunjia nondo nyembamba kwa shilingi 200, na bila hiyo kulabu msijaribu, kwa maana kifuniko kilichojaa makaa hakishikiki kwa kitambaa.

Kwa anayekwenda kutafuta chake: vyungu hivi huja mara moja moja kwenye mtumba wa vyombo, si kila wiki, na huuzwa pamoja na vikaango vya chuma ambavyo ndivyo watu wanavyovigombania. Kutu isikutishe, yatoka. Ufa ndio usiokubalika. Kining'inize kwa mkono wake wa waya ukigonge tumboni kwa ufunguo: kizima chalia kengele, chenye ufa chatoa mlio uliokufa. Tazama miguu yote mitatu ipo na urefu wake ni mmoja. Mwisho weka karatasi ya gazeti ukingoni, funika, na uivute. Ikitoka kwa urahisi pande zote, kifuniko hicho si cha chungu hicho, na muuzaji hata akikupunguzia mpaka 2,000 mwachie.